Kompyuta Inayojitosheleza: Funzo la Mfumo Endeshi Mdogo kwa Zahanati za Kibondo na Kasulu

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme wake kutoka kwenye majenereta ya dizeli. Mafuta yalipanda miinuko ya Kigoma kwa malori, na kila lita ilitegemea barabara ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Mwaka 2022 gridi ya taifa ilianza kuifikia miji hiyo, na majenereta yakaanza kupumzishwa. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, nguzo kufika mjini si sawa na umeme usiokatika katika chumba cha kujifungulia cha zahanati ya kijijini, na waya wa umeme hauleti intaneti wala fundi.

Katika mazingira hayo mtumishi wa afya ana vyombo viwili vya kutunzia kumbukumbu. Cha kwanza ni daftari la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao umetumika nchini tangu miaka ya 1990. Muuguzi anayeandikisha mjamzito katika Kitabu namba 6, au anayerekodi uzazi katika Kitabu namba 12, hahitaji kukiwasha wala kukiomba ruhusa. Chombo cha pili ni kompyuta, inayobeba matumaini makubwa zaidi: kumbukumbu zinazotafutika kwa haraka, takwimu zinazofika wilayani na wizarani kwa wakati, na dawa zinazohesabika. Kwa takwimu za jumla taifa linatumia DHIS2; kwa shughuli za kila siku za vituo, mfumo wa GoT-HoMIS umesambazwa chini ya uangalizi wa TAMISEMI.

Ichukuliwe, kwa mfano, usiku mmoja wa masika katika kituo cha afya cha miinuko hiyo. Mjamzito analetwa akiwa anatoka damu. Kundi lake la damu na vipimo vyake vya awali vimo ndani ya kompyuta. Radi imekata umeme, na uliporudi mashine ikaanza kuwaka, kisha ikasimama katikati ya sasisho ambalo halikukamilika. Kwenye kioo kuna ujumbe kwamba faili fulani halikuonekana. Faili hilo si la mgonjwa. Ni kipande cha programu ambacho programu nyingine ilikitegemea. Muuguzi hana kosa, na wala kumbukumbu za mgonjwa hazikuharibika; zipo salama kwenye diski, ila hakuna njia ya kuzifikia kabla ya asubuhi.

Hoja ya makala haya ni kwamba tatizo hilo haliishii kwenye umeme. Ni tatizo la utegemezi uliojengwa ndani ya programu zenyewe, na ambao wanunuzi wa mifumo ya afya huuliza habari zake kwa nadra. Njia nzuri ya kuuelewa ni kuufanyia majaribio mfumo endeshi ulioundwa makusudi ili usiwe na utegemezi huo, hata kama mfumo wenyewe ungali katika matengenezo na haufai bado kukabidhiwa mgonjwa.

Mtegemea cha ndugu

Mwandishi wa programu haandiki kila kitu upya. Kazi zinazorudiwa mara kwa mara, kama vile kufungua faili, kusoma tarehe au kulinda siri ya mawasiliano, huwekwa katika mafungu yaitwayo maktaba. Katika mifumo mingi ya leo maktaba hizo hukaa pembeni kwenye diski, na programu nyingi huzitumia kwa pamoja. Programu inapoitwa, huanza kwa kuzitafuta maktaba zake. Ikikosa moja, au ikikuta toleo lisilolingana nayo, hukataa kufanya kazi. Faida ya utaratibu huu ni kwamba nafasi huokolewa, na kasoro ya maktaba ikirekebishwa mahali pamoja, programu zote hunufaika. Hasara yake imo katika methali ya wahenga: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Utaratibu wa pili ni wa kuunganisha tuli. Programu inapotengenezwa, sehemu za maktaba inazozihitaji hunakiliwa ndani yake moja kwa moja. Inapoitwa, haitafuti kitu pembeni, inachokihitaji imekibeba. Faili moja likihamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ya aina hiyo hiyo, hufanya kazi kama lilivyofanya kwanza.

Wataalamu wa afya wa Kigoma wanaijua tofauti hii kwa sura nyingine. Kuanzia mwaka 2006, mpango wa afya ya uzazi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies ulisaidia kupeleka huduma za dharura za uzazi, pamoja na upasuaji, katika vituo vya afya vya mkoa huo, na kuwaandaa madaktari wasaidizi na watumishi wengine kuzitoa. Mantiki yake ilikuwa nyepesi. Mama anayetoka damu hawezi kusubiri safari ndefu ya rufaa. Chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na mikono yenye ujuzi vinapaswa kuwa karibu naye. Rufaa haikufutwa. Kilichopunguzwa ni idadi ya mambo ambayo uhai wa mama uliyategemea kutoka mbali.

Mfumo wa Oasis

Miongoni mwa mifumo endeshi iliyofuata mantiki hiyo kwa ukamilifu ni Oasis, uliojengwa juu ya kiini cha Linux na mtayarishaji programu Michael Forney. Programu za mfumo huo zote zimeunganishwa tuli. Badala ya maktaba kubwa ya lugha ya C inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, Oasis hutumia musl, iliyo ndogo na nyepesi zaidi. Kwa mawasiliano ya siri hutumia BearSSL, na amri za kawaida za kila siku huzipata katika mikusanyo midogo ya sbase na ubase. Mfumo huu hauna meneja wa vifurushi anayepakua na kubadili vitu kutoka mbali. Mtumiaji huorodhesha anachokitaka katika faili la mipangilio lililoandikwa kwa lugha ya Lua, hujenga mfumo mzima kutoka kwenye msimbo chanzo, kisha matokeo huwekwa katika hazina ya Git, chombo kinachotunza historia ya kila badiliko.

Anayeujaribu kwa mara ya kwanza hapokewi na picha za kupendeza wala maswali ya kumwongoza. Hukuta kioo cheusi chenye maandishi, na hulazimika kujua anachokifanya. Lakini akishavuka hatua hiyo huona jambo ambalo mifumo mikubwa humficha: shughuli zinazoendelea ndani ya mashine ni chache kiasi cha kuhesabika, na kila moja yaweza kuelezwa kazi yake. Mwanafunzi wa teknolojia ya habari anaweza kusoma orodha yote ya vilivyomo katika mashine yake, jambo ambalo ni vigumu kulifanya katika kompyuta ya kawaida ya ofisini.

Sifa mbili za Oasis zinastahili kuangaliwa na watu wa tiba. Ya kwanza ni historia. Kwa kuwa mfumo wote umo katika hazina ya Git, kila badiliko lina kumbukumbu yake na laweza kurudishwa nyuma. Ni sawa na jalada la mgonjwa lililotunzwa vizuri: daktari anayepokea zamu huona nini kilibadilishwa na lini, na tiba ikileta madhara anajua mahali pa kurejea.

Sifa ya pili ni kujengeka upya kwa namna ile ile. Oasis umekusudiwa kwamba watu wawili wenye msimbo chanzo mmoja na mipangilio mimoja wapate matokeo yanayofanana hadi tarakimu ya mwisho. Maabara za hospitali zinaelewa thamani ya jambo hili, kwani sampuli moja ikipimwa Kasulu na Dar es Salaam majibu yanapaswa kulingana, na yasipolingana, panatafutwa kosa. Fundi wa Kibondo angeweza kulinganisha mfumo wake na ule uliojengwa chuoni bila kumwamini mtu kwa maneno tu.

Kuuita bado haujakomaa si kuutusi

Ingekuwa kosa kubwa kuchukua sifa hizo na kuharakisha kuuweka mfumo huu katika vituo vya kutolea huduma. Pingamizi zilizopo ni nzito na zinapaswa kusemwa wazi.

Kwanza, mifumo ya afya inayotumika nchini hufunguliwa kwa kivinjari cha kisasa. Vivinjari vikubwa vinavyozoeleka havimo katika mkusanyo wa msingi wa Oasis. Kilichomo ni NetSurf, kivinjari kidogo kisichokusudiwa kubeba mifumo mizito kama DHIS2. Mashine ya namna hii haiwezi kukaa mbele ya muuguzi ikachukua nafasi ya kompyuta aliyonayo. Hata uwezo wake wa kuzungumza na printa au mashine za maabara haufai kudhaniwa; lazima upimwe kwa kila kifaa.

Pili, kuunganisha tuli kuna gharama yake ya usalama. Mwezi Aprili 2014 ulimwengu ulipopata habari za udhaifu ulioitwa Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, mifumo yenye maktaba ya pamoja iliweza kuponywa kwa kubadili maktaba hiyo na kuziwasha upya programu zilizoitumia. Katika mfumo uliounganishwa tuli, kila programu yenye nakala ya kasoro lazima ijengwe tena. Oasis hujenga mfumo wote kwa pamoja, hivyo kazi hiyo inawezekana, lakini lazima awepo mtu wa kuifanya na njia ya kuifikisha Kasulu. Mashine inayojitosheleza ikisahauliwa, hubaki na ugonjwa wake kimya kimya.

Tatu, Oasis umesimama kwa kiasi kikubwa juu ya juhudi za mtu mmoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na sekta ya afya inaujua ukweli huo kupitia zahanati zenye mtumishi mmoja: siku akiugua, mlango hufungwa.

Kwa hiyo mfumo unaoendelea kutengenezwa unapaswa kutazamwa kama dawa inayoendelea kuchunguzwa. Hakuna mfamasia anayetoa kidonge mezani mwa maabara na kumpa mtoto mwenye homa. Dawa hupitia hatua: usalama kwanza kwa watu wachache, kisha kipimo na ufanisi, kisha kundi kubwa, na nchini Tanzania majaribio hayo huwa chini ya idhini na usimamizi wa vyombo kama TMDA na NIMR. Programu za kompyuta zimekuwa zikiingia hospitalini bila nidhamu ya kiwango hicho, ilhali madhara yake yanaweza kumfikia mgonjwa yule yule.

Mfano wa karibuni haukutoka kwenye mfumo mdogo. Tarehe 19 Julai 2024 kasoro katika sasisho moja la programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Hospitali katika nchi kadhaa ziliahirisha huduma zisizo za dharura, na kliniki nyingi za Uingereza zilirudi kwenye karatasi. Programu hiyo ilikuwa imekomaa, maarufu na ya gharama kubwa. Ukomavu wa jina, basi, si kinga. Kinga ni kujua mashine inategemea nini, na nini hutokea utegemezi huo unapokatika.

Jaribio linalofaa

Jaribio la heshima halihitaji fedha nyingi. Linahitaji kompyuta mbili au tatu zilizokwisha kuondolewa ofisini, mahali penye intaneti ya kupakulia msimbo chanzo kwa mara ya kwanza, na wanafunzi wenye subira. Taarifa za wagonjwa halisi zisiguswe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda faragha ya mgonjwa, na hata pasingekuwa na sheria, maadili ya tiba yangetosha. Zitumike kumbukumbu za kubuni zenye umbo la vitabu vya MTUHA.

Kisha mashine ifanyiwe yale ambayo miinuko ya Kigoma itaifanyia. Ichomolewe umeme ghafla mara ishirini, na ipimwe kama hurudi yenyewe na baada ya dakika ngapi. Ikatiwe mtandao kwa majuma mawili. Saa yake ivurugwe, kwa kuwa tarehe isiyo sahihi huharibu hesabu ya umri wa mimba. Iwekwe mbele ya tabibu asiye mtaalamu wa kompyuta, na kila mahali atakapokwama paandikwe. Matokeo yachapishwe yote, pamoja na yale ya kushindwa, kwa sababu jaribio linaloficha madhara si jaribio.

Hata kama Oasis utashindwa katika kila kipimo, kazi hiyo haitakuwa bure. Waliolifanya jaribio watakuwa wamepata kipimo ambacho wanaweza kukiweka juu ya mfumo wowote. Na pengine watagundua kazi ndogo ambazo mfumo wa namna hii unaziweza tangu mwanzo: kutunza nakala ya akiba ya kumbukumbu za kituo, au kushika saa sahihi kwa mashine nyingine. Kazi hizo hazihitaji kivinjari wala picha. Zinahitaji mashine isiyobadilika bila kuambiwa.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimewahi kubeba mizigo ya namna hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2006 mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, uliokuwa bado mchanga, ulianza kutumika Eldoret nchini Kenya, na leo unatumika katika nchi nyingi. Aidha, programu ya DHIS2 ya simu za mkononi inaweza kupokea takwimu pasipo intaneti na kuzituma baadaye. Wazo la kujitosheleza, basi, si geni wala la pembeni. Linalokosekana ni mazoea ya kulidai.

Maswali matatu kabla ya kupokea

Halmashauri, hospitali na wafadhili wanaopeleka kompyuta Kibondo na Kasulu wanapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Je, mashine hii ikizimwa ghafla na kukaa bila mtandao, itarudi kazini yenyewe? Je, ni nani, katika wilaya hii, anayeweza kuirejesha ikianguka, na ana kila anachokihitaji mkononi? Na je, mradi huu ukifungwa, kumbukumbu zitasomeka kwa chombo kingine kilichopo?

Swali la tatu lina uzito wa pekee katika wilaya hizi mbili. Kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu imepokea wakimbizi tangu mwaka 1996, na kambi ya Nduta iliyoko Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015. Katika mazingira ya kibinadamu mashirika huja na mifumo yake na huondoka kwa kalenda ya fedha, wakati mgonjwa wa kisukari au mwenye kuishi na virusi vya UKIMWI anabaki na ugonjwa wake mwaka baada ya mwaka. Kumbukumbu yake haipaswi kuwa na umri mfupi kuliko maradhi yake.

Wapo watakaosema kwamba maswali haya yatachelewesha maendeleo, na kwamba wilaya za pembezoni zinahitaji kompyuta leo. Ni kweli zinazihitaji. Lakini mtumishi aliyeangushwa na mashine mara tatu hurudi kwenye daftari na hamwamini tena mtu anayemletea mashine ya nne. Imani hiyo ikipotea, huchelewesha maendeleo kuliko mwaka mmoja wa majaribio.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Madaftari ya MTUHA yaendelee kuandikwa hadi kompyuta ithibitishe, katika masika ya Kibondo na Kasulu na si katika chumba chenye kiyoyozi, kwamba inaweza kukaa pale daftari linapokaa: karibu na kitanda cha mzazi, usiku, umeme ukiwa umekatika, na jibu linalotafutwa likapatikana.